Matawi Mabichi

Gereji, Tororo
31 Agosti 1965

Dada yangu Felistus,

Salamu kwako na kwa watoto, na kwa baba mkwe ambaye nasikia bado yuko kitandani. Mwambie nilimtaja kanisani Jumapili, ingawa mimi na kanisa hatuonani sana siku hizi.

Sasa sikia. Mbio za mwezi ujao zitapita mlangoni kwako. Sisemi karibu na kwako, nasema mlangoni. Tunaanzia Busia Jumamosi tarehe 11 saa mbili asubuhi, gari moja kila baada ya dakika tatu. Tunapita Dabani, tunazunguka Kisoko na Mulanda, tunamalizia hapa Tororo. Kura imekwisha kupigwa: Oluka anatoka wa kwanza, mimi wa pili, yule mlowezi wa Kitale wa tatu.

Najua wewe husema mbio za magari ni namna ghali ya kula vumbi. Lakini nikueleze ujue ninachokitafuta. Kombe lina mbio tano na tumekwisha kukimbia tatu. Oluka ana pointi 24, mtu wa Kitale 21, mimi 19. Mshindi wa kila mbio anapata tisa, wa pili sita. Atakayechukua kombe anapewa gari jipya na nafasi katika mbio kubwa za Pasaka mwakani. Fikiri, Felistus: mimi, mtoto wa mama yako, niliyejifunza usukani kwenye lori la pamba nikiwa nimekalia gunia ili nione barabara. Nikishindwa hapa kwetu, basi nitakufa nikiwa chini ya magari ya watu, mafuta yakinidondokea machoni. Oluka ni dereva mzuri na si mtu mbaya, tumekula naye mara nyingi. Lakini aliye juu mngoje chini, na mimi namngoja.

Nikifika kwako nitapunguza mwendo na kupiga honi mara mbili, kama baba alivyokuwa akipiga kengele ya baiskeli akirudi sokoni. Egau, mwenzangu anayesoma ramani, amesema nikifanya hivyo atanipiga na ramani hiyo hiyo. Mwache anipige. Wewe simama nikuone.

Ni mimi kaka yako,
Laban Mangeni


Dabani
9 Septemba 1965

Kaka Laban,

Baba mkwe alitutoka Jumapili na jana tumemzika. Mume wangu alikuja kutoka Jinja, na leo asubuhi amekwisha kurudi kazini, kwa hiyo mzigo wote wa msiba uko kwangu, mkwe mdogo kuliko wote.

Unajua mambo ya huku. Baada ya mazishi vijana walikimbia hadi mpakani mwa shamba na matawi mikononi, wakiimba na kukifukuza kifo, wakarudi wakayatupa barabarani mbele ya boma. Hayo matawi hayaguswi na mtu. Asubuhi ya tatu, kabla watu hawajaanza kupita, mkwe mdogo anayaokota peke yake na kuyatupa bwawani. Haruhusiwi kusema na mtu njiani, wala kuvuka pale matawi yalipoishia, wala kugeuka nyuma. Asubuhi ya tatu ni hiyo Jumamosi yenu.

Mkuu wa gombolola, tarafa yetu, naye ametuma karani wake. Kila boma lisafishe barabara yake kabla ya saa moja, kusibaki hata kijiti, na atakayekutwa na uchafu atalala ndani. Basi nitafanya kazi mbili kwa safari moja.

Nikimaliza nitasimama langoni. Zaidi ya hapo sitoki, maana niko matangani. Honi yako nitaisikia. Mwambie huyo Egau asikupige mpaka umalize mashindano, tunahitaji kichwa chako.

Nduguyo,
Felistus Nasirumbi


Tororo
13 Septemba 1965

Felistus,

Nimeshinda. Nimeandika neno hilo mara tatu kwenye karatasi nyingine kabla ya kuanza barua hii, ili nilizoee.

Lakini habari ya Oluka utakuwa umeisikia kabla yangu, maana ilitokea hatua mia tatu kutoka langoni kwako. Pale kwenye kona, baada ya bwawa, lori la pamba lilikuwa limeharibika tangu Ijumaa jioni, limeziba nusu ya barabara. Wakaguzi walikuwa wamepita mchana wakaona njia nyeupe. Dereva wake, mtu wa Busia upande wa Kenya anayeitwa Chrispinus, aliliacha akaenda kwa miguu kutafuta ekseli. Na hakuweka hata jani moja barabarani. Hata mtoto wa shule anajua kwamba gari likifa njiani unakata matawi unayalaza mbali, ili anayekuja ajue. Oluka aliingia konani kwa mwendo wake wote, akakuta tumbo la lori.

Alikufa palepale. Omaido, msoma ramani wake, amevunjika miguu yote miwili na hakumbuki kitu. Mimi nilifika nikakuta yamekwisha. Nilipona kwa sababu yako, unajua hilo? Nilikuwa nimepunguza mwendo ili nikuone. Nisingepunguza, ningeingia juu ya Oluka. Nimewaambia watu wa gazeti: dada yangu ndiye aliyeniokoa.

Sasa mimi nina 28. Mtu wa Kitale alisimama pale kumsaidia maiti akapoteza dakika nne, akamaliza wa pili; ana 27. Tofauti ni pointi moja, imebaki mbio moja, Eldoret, tarehe 30 Oktoba. Tumemzika Oluka leo kwao. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Mkewe Amulen alinishika mkono akaniambia nilikuwa rafiki yake.

Huyo Chrispinus amekamatwa. Kesi itakuja.

Laban


Dabani
21 Septemba 1965

Kaka Laban,

Hongera kwa ushindi. Nilisikia honi yako, mara mbili kama ulivyosema.

Nimeshindwa kuandika mapema. Watoto wana homa. Naomba uniambie mambo matatu. Huyo mwenye lori anasemaje yeye mwenyewe? Alikuwa mtu wa kulewa, au ni mtu wa kazi yake? Na kweli Oluka hakuteseka?

Sina mengine.

Felistus


Tororo
25 Septemba 1965

Felistus,

Barua yako ni fupi kama risiti ya posta. Nilitegemea unichekeshe kidogo, maana hapa watu wananipongeza huku wakitazama viatu vyangu.

Haya, majibu. Chrispinus anasema aliweka matawi. Nani hasemi hivyo? Askari walipofika, barabara yote ilikuwa imejaa matawi, kwa sababu watu walikata ya kumfunika Oluka. Kwa hiyo ananyoosha kidole, anasema, "Hayo ndiyo yangu." Kulewa, halewi. Ni mlokole. Ameendesha miaka kumi na sita bila kugonga hata mbuzi, lakini siku ya mtu ikifika imefika.

Oluka alikufa palepale, nimekwisha kukuambia. Shingo ilivunjika. Hakusema neno, hakutikisika, hata nesi aliyefika baadaye alisema hakukuwa na la kufanya. Sijui kwa nini mnaniuliza wote swali hilo hilo. Egau naye amekuwa bubu, tukikaa garini kwa mazoezi ananitajia kona tu.

Kesi ni Alhamisi tarehe 21 Oktoba, hapa Tororo. Nimeitwa kutoa ushahidi. Nitasema nilichokiona: upande wa Busia hakukuwa na tawi. Wanasema anaweza kupata miaka mitatu au minne. Wiki moja baadaye niko Eldoret. Niombee.

Laban


Dabani
8 Oktoba 1965

Kaka yangu,

Kaa chini kabla ya kusoma, na uisome peke yako.

Matawi yalikuwepo. Niliyaondoa mimi.

Asubuhi ile nilitoka kulipopambazuka na kamba yangu. Nikaokota ya msiba mbele ya boma, mengi, yamenyauka, maana yalikuwa na siku tatu. Nikadhani nimemaliza. Halafu nikaona mengine mbele kidogo, karibu na bwawa. Yalikuwa mafungu matatu ya mvule, yamelazwa kwa mstari, hayakutupwa. Na yalikuwa mabichi, Laban. Majani yalikuwa bado yana umande, na pale yalipokatwa palikuwa peupe.

Nilisimama. Nataka ujue kwamba nilisimama. Moyo uliniambia haya si ya juzi. Lakini nisingeweza kumwita mtu kumuuliza, mdomo wangu ulikuwa umefungwa mpaka bwawani. Nisingeweza kuvuka kwenda kutazama nyuma ya kona, maana matawi yalipoishia ndipo miguu yangu iliishia. Nikajiambia labda vijana walirudia jana. Nikamkumbuka karani wa gombolola na kijiti chake. Nikakukumbuka wewe, kwamba unapita hapa, barabara iwe safi kwa kaka yangu. Nikayafunga pamoja na yale makavu, nikayatupa majini, nikarudi bila kugeuka kama nilivyofundishwa.

Saa mbili na kitu nikasikia gari la kwanza likipita, halafu ule mshindo.

Nimekaa na jambo hili wiki nne. Nilidhani nitaweza kuzeeka nalo. Lakini Jumanne alikuja mwanamke langoni na beseni la samaki wakavu kichwani. Hakuwa anauza. Alisema, "Mama, mimi naitwa Nanjala, bibi ya Chrispinus wa lori. Nimetembea boma kwa boma kutoka Busia. Natafuta mtu mwenye aliona matawi. Hata kama ni moja tu." Nikamwambia sikuona kitu, nilikuwa matangani. Akanishukuru. Akanipa samaki wawili kwa ajili ya watoto, pole ya msiba, akaenda boma la pili. Watoto walikula. Mimi sikuweza.

Laban, wewe ndiye mkubwa, baba hayupo. Nataka kwenda kusema kabla ya tarehe 21. Niambie naanzia wapi, kwa polisi au kwa hakimu. Siogopi sana kufungwa. Namwogopa huyo mwanamke akirudi.

Dada yako,
Felistus


Tororo
12 Oktoba 1965

Felistus,

Soma barua hii mara moja halafu uichome. Na ile yako nimekwisha kuichoma.

Hutakwenda popote. Umefikiri watu watasema nini? Watasema hivi: dada wa Laban Mangeni aliondoa matawi, Oluka akafa, Laban Mangeni akapunguza mwendo mahali pale pale, akapona, akashinda. Nani ataamini ni mila? Watasema tulipanga. Nimewaambia watu wa gazeti kwa mdomo wangu kwamba wewe uliniokoa, na imechapishwa pamoja na picha yangu. Watanipokonya ushindi wampe mtu wa Kitale, na hilo ni dogo. Wanaweza kutuita wauaji, wewe na mimi. Watoto wako watalelewa na nani, na mumeo yuko Jinja?

Chrispinus atapata miaka mitatu. Mtu anamaliza miaka mitatu. Oluka hatarudi hata ukiwaletea matawi yote ya Dabani.

Unaniambia habari ya kukosa usingizi kana kwamba ni wewe peke yako. Wewe ulisikia mshindo tu. Hukumwona Oluka akiinua mkono dirishani. Mimi namwona kila nikifumba macho, na bado naamka naenda kazini. Hayo ndiyo maisha. Yaliyotokea yametokea.

Nakuambia kama mkubwa wa nyumba ya baba yetu, na kwa haki ya kaburi lake: nyamaza. Damu ni nzito kuliko maji. Baada ya Eldoret nitakuja, tutakaa, tutalia pamoja kama unataka kulia. Sasa nyamaza.

L.


Dabani
16 Oktoba 1965

Laban,

Maiti haiinui mkono.

Uliniandikia mara mbili kwamba alikufa palepale, shingo ilivunjika, hakutikisika. Nilikuamini kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilijiambia, angalau hakuteseka, angalau nilichofanya kilikuwa cha ghafla. Sasa umeniondolea hata hicho.

Na mimi nikuambie nilichosikia, maana sikukuambia. Nilikuwa langoni. Gari lako lilipunguza, ukapiga honi mara mbili, nikakupungia, sijui kama uliona. Ukapita. Baada ya kona injini ikashuka kabisa, karibu kuzima. Nikasema moyoni, amesimama, amemwona mwenzake, atamtoa. Nilianza kusali Baba Yetu. Sikufika katikati. Injini ikapanda tena, ukaondoka, na vumbi lako likaja mpaka langoni.

Kwa wiki tano nimekuwa nikijidanganya kwamba ulisimama ukakuta hakuna la kufanya. Ulisimama ukatazama, Laban. Halafu ukahesabu pointi zako. Mtu wa Kitale, ambaye hajawahi kula naye chakula, ndiye aliyemtoa.

Nina hasira na wewe kuliko niliyowahi kuwa nayo na mtu yeyote, na bado ni kaka yangu, na ndiyo sababu nakuandikia kabla ya kwenda. Alhamisi nitakuwa Tororo. Mama mkwe amenikataza kutoka kabla sijanyolewa nywele za matanga, nami nitatoka. Nisubiri nje ya mahakama. Tuingie pamoja, mimi niseme langu, wewe useme lako. Wakitufunga tufungwe pamoja. Itakuwa nyepesi kidogo.

Felistus


Eldoret
1 Novemba 1965

Dada yangu,

Sijui kama utaisoma barua hii au utaitia motoni. Naandika hata hivyo.

Nimechukua kombe. Mtu wa Kitale alipasua tangi la mafuta kabla ya nusu ya njia. Sikuhitaji hata kukimbia, nilihitaji kufika tu. Gari jipya litakuja Januari. Mkono wangu umeshikwa na watu wakubwa mpaka umechoka.

Habari ya mahakamani. Najua unaniona mnyama. Nilikuona umesimama mlangoni na kile kitambaa cha matanga, nikapita upande wa pili. Hakimu aliponiuliza, nilisema dada yangu amefiwa na ana uchungu, akili yake haijatulia. Nilisema hivyo kukulinda. Wakwezo nao walisema walilosema, si mimi niliyewatuma. Ungekuwa umefungwa sasa hivi, Felistus, fikiri hilo. Unalala nyumbani kwako na watoto wako kwa sababu yangu.

Egau ameniacha. Siku mbili kabla ya mbio aliweka ramani mezani akasema, "Mimi nilikuambia pale, simama, mutu iko hai. Mimi haiwezi kaa karibu na wewe tena." Nimekimbia na mtu mwingine, Imalingat, anayesoma vizuri tu. Lakini mahali fulani karibu na Turbo tulikuta matawi barabarani, nikafunga breki mpaka gari likageuka mbele nyuma. Mbele hakukuwa na kitu. Wachungaji walikuwa wamelisha mbuzi hapo wakaondoka. Imalingat aliniuliza kama naumwa.

Njoo Tororo Krismasi. Yaliyopita si ndwele. Nitakupeleka mpaka Mbale na kurudi katika gari jipya likija, pole pole, na utakaa mbele.

Kaka yako, ukinitaka,
Laban


Dabani
20 Novemba 1965

Kaka Laban,

Nimeisoma. Nimenyolewa Jumamosi iliyopita, kwa hiyo matanga yangu yamekwisha na naweza kwenda ninakotaka.

Hukubaki mahakamani mpaka mwisho, basi nikueleze. Nilipomaliza kusema, shemeji mkubwa aliapa kwa Biblia kwamba niliokota matawi ya msiba tu. Namwelewa. Akikubali kwamba nilichanganya ya marehemu na ya lori, basi kifo hakikutupwa bwawani, bado kiko bomani, na watoto wakiugua lawama ni yake. Alisema, "Huyu mwanamke hajui alichofanya, ni huzuni." Wewe ulikuwa umekwisha kusema vivyo hivyo. Hakimu akanitazama kwa huruma. Sijawahi kuchukia huruma kama siku ile. Chrispinus akapewa miaka mitatu na nusu.

Nanjala alinisubiri nje. Nilidhani atanipiga na ningemwacha. Aliuliza tu, "Siku ile nilikuja kwako, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini kwenye majani, akafunika uso na leso. Baadaye akasema twende wote gerezani siku ya wageni, nimwambie mumewe mwenyewe.

Tulikwenda. Amekonda, na mikono yake haijui pa kukaa bila usukani. Nilipomaliza aliniuliza swali moja, "Yalikuwa mangapi?" Nikasema mafungu matatu, ya mvule, yamelazwa kwa mstari. Laban, yule mzee alilia. Hakuwa amemwambia mtu idadi, hata mkewe, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alisema amekaa ndani akianza kufikiri labda kweli hakuyaweka, labda aliota. Watu wote wakikuambia hukufanya kitu, mwisho unaanza kuwasadiki.

Sasa nisikilize. Barua yako ya tarehe 12 Oktoba sikuichoma. Imo ndani ya Biblia yangu. Ndani yake umeandika kwa mkono wako kwamba niliondoa matawi, na umeandika kwamba Oluka aliinua mkono. Rufaa ya Chrispinus inasikilizwa Alhamisi tarehe 2 Desemba. Nitaipeleka barua hiyo. Egau alikuja hapa juzi kwa baiskeli, naye atakuja kusema alichokuambia pale konani. Alikwenda kwa Amulen pia. Mjane huyo anajua sasa kwamba aliyembebea mumewe jeneza ndiye aliyempita.

Najua itanifikisha wapi. Shemeji amekwisha kusema nikifanya hivyo nirudi kwetu, na kwetu ni kwako. Mume wangu ameandika mstari mmoja kutoka Jinja: fanya linalokupa usingizi. Watoto watakaa na mama yake. Nimewafulia nguo zote.

Ningeweza kwenda bila kukuambia, ukalikuta jambo hili ghafla, nyuma ya kona. Sikutaka. Leo ni tarehe 20, una siku kumi na mbili. Haya ndiyo matawi yangu, kaka, nimeyalaza mbali ili uwe na nafasi ya kusimama. Nenda kwa hakimu wewe mwenyewe kabla yangu, useme kwa mdomo wako, na barua itabaki ndani ya Biblia, hakuna atakayeiona. Ukipita tena, nitaisoma mbele ya watu wote, na Amulen atakuwepo.

Siku ile nilikupungia mkono mpaka ukafika konani. Nilikuwa na furaha kwa muda mfupi sana, kwa sababu ulikuwa umepunguza mwendo kwa ajili yangu.

Basi la asubuhi hupita hapa saa moja. Siku hiyo nitakuwa ndani yake, mimi na Nanjala.

Dada yako,
Felistus Nasirumbi